Fundi Aliyechora Mlango wa Gemu Langu

Mara ya kwanza kumwona Fundi alikuwa amelala ndani ya jeneza. Ilikuwa saa nne asubuhi, Igogo, hapa Mwanza, kando ya barabara kabisa. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili nje ya karakana ya seremala, na yeye yumo ndani, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono kifuani, macho wazi. Mimi nilikuwa nimetumwa vitunguu. Mfuko ulinitoka mkononi, vitunguu vikasambaa mpaka mtaroni. Yule maiti akageuza shingo akaniambia, "Pole binti. Anza kuokota hivyo vya karibu na pikipiki."

Seremala ndiye aliyenieleza, naye bado jasho linamtoka. Alikuwa amemwita fundi wa mabango amchoree bango la majeneza yake. Alichokuwa hakijui ni kwamba Fundi hachori bango la kitu ambacho hajakijaribu mwenyewe. Kinyozi akimwita, ananyolewa kwanza. Mama ntilie akimwita, anakula kwake siku tatu mfululizo kabla hajagusa brashi. Kwa majeneza hakuona sababu ya kubadili utaratibu. Alipotoka mle ndani alijipangusa mgongo akatoa maoni yake: "Nafasi ipo. Ila ubao wa miguuni unakwaruza, uupige randa."

Sikuwahi kumwuliza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, na yeye si mtu wa kusimulia hayo. Kisukuma alikiongea, lakini Igogo nani asiyeongea. Kwangu alikuwa Fundi tu, na mkewe alikuwa Mama, na kwa miaka mingi niliyowajua hilo lilitosha.

Nianze na lile shati. Mtu anashinda na makopo ya rangi ya mafuta, tina ya kuzimulia rangi, na brashi ishirini, na jioni anarudi nyumbani na shati jeupe lisilo na doa. Nilikaa naye siku nzima nikimvizia nione lini rangi itamrukia. Haikumrukia. Nilipomwuliza siri yake alisema, "Rangi nikiipeleka polepole inakwenda ninakoipeleka. Wenye madoa wana haraka." Halafu mtu huyohuyo, aliye na subira ya namna hiyo, alikuwa mwizi wa drafti ambaye sijaona mwingine. Ukiinama kunywa chai, kete yako moja imeondoka ubaoni. Ukimshika mkono anacheka hadi machozi. Nilimwambia aibu, mzee mzima. Akanijibu bila kuona haya: "Drafti ni mchezo, kila mtu anajua tunachezeana. Bango ni neno la mtu. Mpita njia hajaniona, hanijui, ameamini tu kilichoandikwa. Huyo humchezei."

Na hakuwa anasema tu. Kulikuwa na mgahawa mmoja aliouchorea sato mkubwa wa kukaangwa, sato ambaye ukimtazama unasikia mafuta yanavyotokota. Mwenye mgahawa baadaye akaona sato ni usumbufu, akahamia kwenye kuku wa kisasa, bango akaliacha lilivyo. Fundi alimwonya mara mbili. Mara ya tatu alikuja saa saba mchana, watu wamejaa wanakula, akaegesha ngazi, akafungua kopo la rangi nyeupe, akamfuta sato kuanzia mkiani. Mwenye mgahawa alitoka na mwiko wa ugali mkononi, anafoka. Fundi juu ya ngazi hakugeuka hata shingo. Alimaliza kichwa cha samaki, akashuka, akasema, "Hilo lilikuwa neno langu. Ukitaka bango la kuku, kesho nitakuja kula kuku." Nilikuwa pale, nimeshika kijiko hewani. Sikujua nicheke au nikimbie. Nilichokijua ni kwamba nimemwona mtu asiyefanana na watu.

Sasa nije kwenye langu. Niliacha kazi ya ofisini nikakaa miaka minne chumbani kwangu nyumbani nikitengeneza gemu la simu, peke yangu, kuanzia michoro hadi sauti za maji. Nililiita Nchi Kavu. Unapiga kasia kutoka visiwani kuja nyumbani, mtumbwi mdogo, ukungu, upepo, mawe ya ziwa letu yanayojificha chini ya maji kidogo tu. Basi. Hakuna bunduki. Siku lilipoingia kwenye duka la mtandaoni, pale watu wanapopakulia magemu, nilikaa nikitazama. Watu waliliona kwenye rafu, maana duka linakuonyesha wangapi wameliona. Wakapita. Wiki ya kwanza wakapita, mwezi wa kwanza wakapita. Miaka minne ya maisha yangu, na watu wanaipita kama wanavyopita kibanda kilichofungwa.

Tatizo lilikuwa picha. Kwenye duka lile mtu haoni gemu, anaona picha yake, ndogo kama kucha ya kidole gumba, katikati ya picha nyingine mia. Picha ndiyo mlango. Na yangu nilikuwa nimeichora mwenyewe kwa kiburi, nimetia mtumbwi, sangara anaruka, mamba, radi, mawe, msichana mwenye kasia, ramani nyuma yake, na jina la gemu kwa herufi zinazowaka moto.

Nilimpelekea Fundi pale alipokuwa akifanyia kazi zake. Aliitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, hii ni picha au kuna watu wanahama nyumba?"

Nilikasirika. Naye hakujali. Akachukua simu yangu, akailaza chini sakafuni, akaniambia nipande juu ya kigoda nitazame kutoka huko. "Unaona nini?"

"Naona kitu cha rangi ya chungwa," nikasema.

"Hata mimi. Na tumeambiwa humo kuna ziwa zima."

Halafu akaomba nimwonyeshe majirani. Hakulijua duka la mtandaoni, lakini mabango aliyajua, na kwake bango bila majirani zake ni nusu ya habari. Nikamwonyesha rafu. Wanaume wanapiga kelele, mapanga, moto, meno. Akazipitia picha hizo kwa kidole, moja moja, kwa adabu kama mtu anayesalimia wageni. "Wote hawa wanapayuka," akasema. "Na wewe ulikuja kupayuka katikati yao. Sisi tutanyamaza." Akaongeza jambo ambalo nimelibandika ukutani: kwenye bango kuna nafasi ya neno moja, la pili linakula la kwanza.

Nikafurahi, nikadhani kesho anaanza kuchora. Nilikuwa nimesahau jeneza. "Sijalicheza," akasema. "Niwekee kwenye simu."

Mzee yule hakuwa amewahi kucheza gemu maishani. Simu kwake ilikuwa ya kupigia. Wiki mbili alinitesa. Napokea simu mchana niko mezani nakula: "Binti, nimezama tena." Napokea nyingine niko kanisani, natoka nje mbio nikidhani kuna msiba: "Hivi ule upepo wa kusi unaanzaga saa ngapi?" Nikamwambia gemu halina saa. Akanishangaa. Kisha, bila kuniaga, akafika mwisho. Vijana wa chuo niliowapa wanijaribie walichukua muda mrefu kuliko yeye. Nikaenda Igogo kwa furaha, na maneno yaliyonipokea ni haya: "Gemu lako sichori."

Nikamwuliza kwa nini.

"Nimepiga kasia siku kumi na nne. Nimefika. Hakuna hata mbwa." Alikuwa ameudhika kweli, kama mtu aliyedhulumiwa. "Mtu akitoka ziwani anapokelewa, hata kama hana samaki. Anapokelewa mtumbwi, anapewa maji, anaulizwa habari za huko. Wewe umenileta mchangani ukazima taa. Nikiweka bango la namna hiyo nitakuwa nawaita watu waje kufanyiwa nilivyofanyiwa."

Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira. Siku ya tatu hasira ikapoa nikaona ana haki. Nikatengeneza mwanamke anayesimama majini mwisho wa safari, karabai mkononi, anashika pua ya mtumbwi ukifika. Hakuwa mzuri sana, alikuwa kama kivuli chenye kitenge, lakini alikuwepo. Fundi akacheza tena mpaka mwisho. Alipofika alirudisha simu, akasema, "Haya."

Kwa picha hakutaka mwanamke wa kubuni. Alimchukua Mama, mkewe. Asubuhi tatu tulikwenda Pasiansi ufukweni, Mama anaingia majini mpaka magotini, amekunja kitenge, karabai isiyowashwa mkononi, Fundi yuko juu ya jiwe kavu na kipande chake cha plaiwudi. Maji yalikuwa baridi, nami nilimwonea Mama huruma. Fundi hakumwonea. "Usitabasamu," alimwambia. "Unasubiri mtu, husubiri picha."

"Nimekusubiri wewe miaka thelathini," Mama akamjibu kutoka majini. "Kusubiri utanifundisha wewe?"

Siku ya tatu, wakati anajikausha miguu, Mama aliniuliza kama ni kweli ataingia kwenye simu za watu. Alikuwa anaimba kwaya, na akina mama wenzake wote sasa walikuwa na simu za kugusa. Nilimwambia, na nakumbuka nilivyolisema kwa majivuno: "Utakuwa nje na ndani, Mama. Nje kwenye picha, na ndani mwisho wa safari. Kila anayefika anakukuta wewe." Alicheka akajifunika mdomo na ncha ya kitenge. Jumapili hiyo kwaya nzima ilikuwa na habari.

Picha ile ilinishtua. Ziwa la buluu inayokaribia weusi, karibu picha yote ni giza. Katikati mwanga mmoja wa manjano, na nusu ya uso wa Mama, na maji yanayoshika ule mwanga kidogo. Jina la gemu kalishusha chini, herufi nyeupe chache, maana alisema jina halipandi kichwani kwa mtu. Nilipoilaza sakafuni na kupanda juu ya kigoda niliona kitu kimoja tu: kuna mtu ananisubiri. Nikaipiga picha kwenye mwanga mzuri, nikaipandisha dukani. Kati ya wale wanaume wote wanaopayuka, ndiyo pekee iliyokuwa kimya, na watu wakaanza kuingia. Sikuamini macho yangu. Waliingia kutoka Mwanza, kutoka Dar, kutoka nchi ambazo sikujua kama zina maziwa. Nilimpigia Fundi kumweleza. Akasema, "Mlango ukiwa wa kweli watu wanaingia," akakata simu akaendelea na kazi.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Ule mwisho wa safari, na taa yake na maji yake, ulikuwa mzito kwa simu ndogo. Kwenye simu za bei nafuu, ambazo ndizo za watu wangu, gemu liligoma palepale mtumbwi unapokaribia. Nilihangaika mwezi mzima nikashindwa. Watu wanalalamika, nyota wanazoliwekea gemu dukani zinashuka. Asubuhi moja nikamtoa yule mwanamke. Nilijiambia ni kwa muda. Mtumbwi ukawa unafika mchangani na skrini inafifia, kama ilivyokuwa mwanzo. Malalamiko yakaisha. Na picha nikaiacha, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inaleta watu. Sikuwa na kisingizio kingine. Nilijua fika nilichokuwa nafanya, maana nilimwona yule sato akifutwa.

Wachezaji wakaanza kuandika pale dukani: yule mama wa kwenye picha yuko wapi? Wa kwanza nilimjibu, anakuja. Wa pili nikamjibu hivyohivyo. Halafu nikaacha kujibu. Nikaacha na kupita Igogo. Nilikuwa nazunguka njia ndefu nisionane na mzee mwenye kopo jeupe. Alinipigia mara mbili, nikaitazama simu inaita mpaka ikanyamaza. Mimi, ambaye yeye ndiye aliyenifungulia mlango. Hadi leo nikifikiria nashangaa kwamba yule mtu anayetazama simu inaita nilikuwa mimi.

Seremala wa majeneza ndiye aliyeniambia kwamba Fundi amepigwa kiharusi, na kwamba wamehamia Usagara, nje ya mji, kwa binti yao. Nilinunua sukari na machungwa nikaenda na moyo wa mwizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilitarajia anifukuze, nilitarajia aniite mwongo mbele ya wajukuu, na hilo ningelipokea.

Alikuwa amekaa barazani. Mkono wake wa kuchorea umelala pajani, umelegea, kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Na kwenye shati lake jeupe, kifuani, palikuwa na doa la uji. Nikasimama palepale getini.

"Shikamoo Fundi," nikasema.

"Marahaba. Umenenepa." Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, lakini yalikuwa yake. Akanionyesha kiti. Tukaongea habari za Igogo, nani kafungua duka, bango gani limepauka. Nilikuwa nasubiri anianzie, naye hanianzii. Mwishowe nikashindwa.

"Fundi, nilimtoa Mama kwenye gemu."

"Najua," akasema. "Nililicheza kwa mkono wa kushoto. Nilifika."

Nikaanza kueleza habari za simu ndogo na uzito wa ule mwisho. Akanikatiza kwa kuinua kidole. Alitazama kwanza mlangoni, akashusha sauti. "Akina mama wa kwaya nao walifika. Wakamwambia mbele ya watu, mwenzetu mbona humo hamna mtu, ulitudanganya. Alirudi nyumbani hali chakula. Jumapili iliyofuata hakwenda." Akapumzisha mdomo. "Basi niliwaita hapa. Nikawaambia hamjui kucheza. Yule mama anatokea kwa anayefika bila kugonga jiwe hata moja."

Nilimkodolea macho. "Wakaamini?"

"Niliyesema ni mimi. Kwa nini wasiamini? Kila Jumapili baada ya mazoezi wanajaribu."

Sijawahi kushtuka namna ile, hata na lile jeneza. Alisema bila kunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mtu aliyepanda ngazi kufuta samaki kwa sababu samaki hayupo jikoni, alikuwa amekaa kwenye baraza hii akaitisha watu akawadanganya, na kila Jumapili baada ya mazoezi ya kwaya wanawake wazima wanainamia simu wakikwepa mawe kumtafuta mtu ambaye hayumo.

"Na Mama?" nikauliza.

Mama mwenyewe alikuwa anatoka ndani, simu mkononi, miwani imeshuka puani. Nilimwamkia. Akanikumbatia, akauliza habari za nyumbani, akakaa kwenye mkeka miguuni pa mumewe. "Umekuja wakati mzuri," akaniambia. "Jana niligonga mawe matatu. Leo mawili tu, na moja ni huyu mjukuu alinisukuma kiwiko. Hebu niambie wewe mwenye gemu lako. Nikifika bila kugonga, ndipo najikuta?"

Fundi alinitazama. Jicho moja ndilo lililokuwa na nguvu, na lile jicho lilikuwa linaniomba. Sikuwahi kuona Fundi akimwomba mtu kitu. Ningeweza kusema ndiyo, kidogo tu Mama, kaza. Yeye mwenyewe alinitengenezea njia hiyo. Lakini nilimwona yule mama magotini ndani ya maji baridi, asubuhi tatu, kwa ajili ya neno langu.

"Hapana, Mama," nikasema. "Wewe humo. Nilikutoa mimi. Hata ukifika bila kugonga hutajikuta. Nitakurudisha, lakini leo humo."

Mama alitazama simu. Mtumbwi mdogo ulikuwa unaelea pale, unasubiri kidole chake. Aliizima, akaiweka kwenye mkeka, akaigeuza kioo chini. Nilidhani atanigeukia mimi. Alimgeukia mumewe.

"Kumbe ulijua," akamwambia.

"Nilijua," Fundi akasema.

Mama akainuka akaingia ndani. Tulibaki wawili, tunasikia sufuria. Nilitaka kuondoka, lakini huwezi kuondoka nyumba ya watu wakati wanakuandalia. Akarudi na ugali na dagaa, akavitua kwenye meza ndogo katikati yetu, kisha akaja na jagi na beseni. Niliruka kuvipokea, mimi ndiye mdogo, mimi ndiye wa kumnawisha. Akaninyima jagi. "Kaa. Wewe ni mgeni, na umesema kweli."

Akaninawisha mikono yote miwili, polepole, mama mwenye umri wa kunizaa. Fundi alikuwa ameshaunyosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, juu ya meza, anangoja zamu yake. Mama akachukua beseni akamwaga maji uani, akaingia ndani na jagi lake.

Mkono wa Fundi ulibaki pale kwa muda. Kisha akaushusha, akaniambia nianze kula, chakula kinapoa.